Nilishona usiku kucha, nikasema nimepona

Yaya, mkubwa wangu, jambo sana.

Mimi ni fundi wa kushona, ninakaa Katuba hapa Lubumbashi, mama wa watoto wawili. Ninakuandikia saa tisa ya usiku. Usingizi umekatika kama kila siku na sitalala tena mpaka kuche.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, muda mfupi baada ya kumzika mama yangu, nguvu ziliniishia. Hata machozi hayakuja. Nilikuwa ninakaa mbele ya cherehani, mguu juu ya pedali, na mguu unakataa kusukuma. Bukari, ugali wetu, ilikuwa kama udongo mdomoni. Mwezi wa kwanza bwana yangu akanipeleka kituo cha afya, wakasema ni sonona, wakanipa vidonge vya amitriptilini vya kumeza usiku.

Wiki ya tatu nikaamka mtu mwingine. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimepona. Kazi za 8 Machi, siku ya wanawake, zilikuwa zimeanza. Unajua vile mji huu unakuwa, kila chama cha akina mama kinataka vikwembe, nguo za kitenge, vya aina moja. Miaka yote ninachukua nguo 20 hivi. Safari hii nilichukua 63, na avansi, pesa za kutanguliza, za watu wote. Kwa pesa hizo nikanunua cherehani ya pili, nikaweka arbuni ya ya tatu. Pesa za likelemba, mchango wetu wa kupokezana, nilizokuwa ninatunzia wenzangu, dola 300, ziliingia humo humo. Nilikuwa ninalala saa mbili tu na sichoki. Usiku mmoja nilikata vikwembe 11 bila kupumzika, chaki mkononi, ninaimba. Asubuhi bwana yangu akavitandika kitandani kimoja kimoja, akanyamaza. Mikono yote ya nguo niliyokata ilikuwa ya kushoto.

Baadaye nilianza kusema Mungu amenipa kazi ya kuwavika wanawake wote wa Katanga, nikagombana na mkubwa wa kartie, yaani wa mtaa, mbele ya watu. Tarehe 2 Machi wakanipeleka hospitali, nikakaa siku 12. Munganga wa huko akasema hii ni bipola, ugonjwa wa roho kupanda na kushuka, akanipa Dépakine. Wiki tatu baadaye pasta akasema nimefunguliwa, kuendelea na vidonge ni kumkatalia Mungu. Niliacha.

Sasa ni mwezi wa sita, baridi, na nimerudi shimoni. Wateja wanakuja mlangoni kudai vikwembe vyao. Mashemeji wanasema ni ulozi uliomuua mama. Bwana yangu anasema ningetaka ningejizuia, na pia anataka mtoto wa tatu. Mama mdogo wangu naye alikuwa hivi: miezi anajifungia ndani, halafu ghafla anafunga safari ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anarudi na mizigo isiyo na kazi.

Yaya, nina ugonjwa gani, na nani alinidanganya? Vile vidonge vya kwanza ninavyo bado ndani ya droo. Ndivyo vilivyoniinua, nivianze tena? Na kuna jambo sijamwambia mtu: ninazililia zile siku za Februari. Ndio wakati pekee nilijiona mimi mwenyewe. Siku hizi ninafikiri watoto wangekuwa heri wakibaki na baba yao tu.

Fundi wa Katuba

*

Mdogo wangu,

Ninaanzia mwisho wa barua yako, kwa sababu sentensi ile ya watoto kubaki na baba yao nimeisoma mara nne. Ninakuuliza wazi: unafikiria kujiua? Usiogope neno hilo. Kumuuliza mtu hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Kunampa nafasi ya kulitua. Kama jibu ni ndiyo, au ni «mara nyingine», basi leo hii, kabla ya kesho, mwambie bwana yako maneno yale yale uliyoniandikia mimi, na mwende hospitali pamoja. Usibaki peke yako ndani ya nyumba. Na vidonge vya kwenye droo vitoke mkononi mwako leo, vishikwe na bwana yako au na ndugu unayemwamini. Mawazo hayo yana uzito wa kweli wakati unayasikia, lakini ni sehemu ya ugonjwa, na ugonjwa ukishuka nayo yanashuka. Nimeona hivyo kwa macho yangu.

Sasa vidonge vyenyewe. Usivianze tena. Amitriptilini ni dawa nzuri kwa mtu mwenye sonona peke yake. Kwa mtu mwenye bipola, akiimeza bila dawa nyingine ya kushika hisia pembeni, inaweza kumvusha kutoka shimoni hadi juu ya paa. Hesabu mwenyewe: ulianza Januari, wiki ya tatu ukaamka mtu mwingine, Machi ukalazwa. Siwezi kukuambia kwa hakika kwamba ni kidonge kilichokupandisha, kwa kuwa ugonjwa huu unajua kupanda bila kusukumwa. Lakini kwa historia hiyo hakuna munganga makini atakayekupa tena kidonge kile peke yake.

Umeuliza nani alikudanganya. Hakuna. Bipola haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoionyesha. Munganga anaijua kwa kusikiliza masimulizi ya maisha yako. Januari ulikuwa na nusu moja tu ya masimulizi, ile ya chini, na ukimtazama mtu aliye chini siku hiyo hiyo, sonona ya kawaida na sonona ya bipola zinafanana kama pacha. Machi nusu ya pili ikatokea, na jina likabadilika. Ninachosikitika ni kwamba Januari hakuna aliyekuuliza maswali mawili: je, umewahi kuwa na siku ambazo ulilala kidogo sana na bado una nguvu kuliko watu wote? Na ndani ya familia kuna aliyekuwa hivyo? Ungemtaja mama yako mdogo na safari zake za Kasumbalesa. Ugonjwa huu hupita katika damu za familia, ingawa watoto wengi wa wazazi wenye bipola hawaupati. Basi ninyi mnaosoma barua hii na mnameza dawa za sonona, kama mna mtu wa namna hiyo katika ukoo, mwambieni munganga hata kama hakuuliza.

Mwaka 1899 munganga wa Ujerumani aitwaye Emil Kraepelin aliweka kupanda na kushuka kwenye kapu moja, akasema ni ugonjwa mmoja. Baadaye wengine wakautenganisha na sonona ya kushuka tu, na mwaka 1980 jina la bipola likaingia katika kitabu cha wataalamu wa akili wa Marekani. Mpaka leo mipaka haijakatwa kwa mkasi. Kuna anayeshuka tu maisha yake yote. Kuna anayeshuka sana na kupanda kidogo, siku nne au zaidi za kuchangamka, za kusema haraka, za mawazo mengi, na kwa kuwa halazwi popote wala haharibu kitu kikubwa, hakuna anayeona kuwa ni ugonjwa. Hao ndio wanaopitisha miaka wakitibiwa sonona isiyopona. Kuna anayepanda mpaka juu kabisa, wiki nzima na zaidi, mpaka anaanza kupokea kazi kutoka kwa Mungu, kama wewe. Na kuna wanaopata yote mawili kwa wakati mmoja, roho iko chini na mwili unachemka. Hao waangalieni kuliko wote, maana mtu ana huzuni ya kutaka kufa na pia ana nguvu ya kufanya jambo.

Ninayajua haya kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume. Alikuwa fundi redio pale Kamalondo. Usiku mmoja nilimkuta saa kumi, amefungua redio sita za wateja, skrubu zote amezipanga juu ya sahani ya bati kwa mistari, ndogo mpaka kubwa, vizuri kabisa kama rozari. Uso wake uling'aa. Aliniambia: Yaya, nimeelewa jinsi zote zinavyotaka kuwa redio moja. Nilicheka naye. Nilimpikia na chai. Miezi mitatu baadaye alilala siku tisa na viatu mguuni kwa sababu kufungua kamba kulimshinda, na sisi nyumbani tukasema ni uvivu, wengine wakasema amelogwa. Mambo unayoambiwa na mashemeji zako na yule anayesema ungejizuia, sisi wenyewe tulimwambia yeye. Ninaona haya mpaka leo.

Kwa hiyo ninakuambia jambo ambalo lilimchukua yeye miaka kulikubali, na sitegemei ulikubali leo: Februari ile nayo ulikuwa mgonjwa. Furaha uliisikia kweli, wala sikukatazi kuikumbuka. Lakini jiulize ni nani aliyekata mikono 22 ya kushoto. Wewe ninayekuona ni yule wa miaka yote, anayechukua nguo 20, anazimaliza, na wateja wanarudi mwaka unaofuata. Watu wengi wenye bipola huacha dawa kwa sababu ya kutamani zile siku. Wanataka zirudi peke yake, na kwa kawaida haziji peke yake. Nyuma yake mara nyingi kuna huu mwezi wa sita. Na kwa wengi, miezi ya chini ni mingi kuliko ya juu.

Dawa. Rudi kwa wataalamu wa akili, usirudi kwenye duka la dawa. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Mapendo, kilichopewa jina la daktari Mbelgiji wa karne ya 19 aliyetaka wagonjwa wa akili watunzwe kama watu. Watu wengi wa mji wanaogopa kuonekana getini pa mahali pa namna hiyo. Nenda asubuhi na dada yako, au ndugu mwingine unayemwamini, na atakayekuona akuone.

Ukifika, la kwanza waambie kwamba bwana yako anataka mtoto. Hili ni kubwa, usiliache kwa aibu. Dépakine ni valproeti, na inashika mania, ile hali ya kupanda, vizuri, lakini mwanamke akipata mimba huku anaimeza, mtoto anaweza kuharibika uti wa mgongo katika wiki za kwanza kabisa, kabla mama hajajua kuwa ana mimba, na wengine akili yao inachelewa kukua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilionya wazi kwamba wanawake na wasichana wanaoweza kuzaa wasianzishiwe. Usiirudie kwa uamuzi wako, na upimwe mimba kabla ya dawa yoyote. Mtoto wa tatu si marufuku kwako. Anahitaji kupangwa na munganga mapema, pamoja na miezi ya baada ya kuzaa, kwa kuwa wakati huo ndipo bipola hupenda kurudi kwa nguvu. Bwana yako awepo chumbani hilo likisemwa, alisikie kwa mtu mwingine kuliko wewe.

Wanaweza kukutajia lithiamu. Ndiyo, ni ile ile ya ardhini kule Manono ambayo kila mtu anaisemea siku hizi kwa ajili ya betri. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika jinsi chumvi yake ilivyotuliza wagonjwa wa mania, na hadi leo ni moja ya dawa bora za ugonjwa huu, na inapunguza watu kujiua. Lakini ni dawa ya kupimwa. Kiasi chake katika damu hutakiwa kuwa karibu 0.6 hadi 1.0 milimoli kwa lita. Kikizidi inageuka sumu, nacho kinazidi upesi. Kwa hiyo kabla ya kuanza uliza ni maabara gani itakupima damu, figo na tezi la shingo, na kwa bei gani. Kama hakuna jibu la uhakika, mwambie munganga achague nyingine, nazo zipo, pamoja na zinazofaa zaidi kwa anayetaka kuzaa. Ukiwa unaimeza, joto letu la mwezi wa kumi ni hatari: ukitoka jasho sana bila kunywa maji, au ukiharisha, au ukipunguza chumvi ghafla kwenye chakula, lithiamu inapanda. Ukianza kutetemeka mikono sana, kutapika, kuyumba kama mlevi, acha kidonge kinachofuata na uende hospitali saa hiyo. Na mgongo wa fundi unauma, ninajua. Usinunue ibuprofeni wala diklofenaki, zinaipandisha, chukua parasetamoli.

Pasta wako. Sikuambii utoke kanisani, wala sina ugomvi na maombi. Mimi mwenyewe ninaomba. Mwambie tu kwamba unaweza kumeza kidonge na kumshukuru Mungu aliyeruhusu kipatikane, kama vile yeye anavyovaa miwani kusoma Biblia. Lakini kwenye mikesha sitakuficha: usiende. Kukosa usingizi usiku mmoja tu kunaweza kumwasha mtu mwenye bipola. Na kufunga bila maji huku unameza lithiamu ni kucheza na sumu. Omba mchana, na saa tatu ya usiku uwe kitandani. Mdogo wangu amerudiwa na ugonjwa mara mbili, na mara zote mbili ulianzia kwenye usingizi: ya kwanza matanga ya usiku tatu, ya pili kazi ya redio za kampeni.

Ndiyo maana ninakuomba jambo moja la kila siku. Lile daftari la vipimo vya wateja, ligeuze, uanzie nyuma. Kila asubuhi andika ulilala saa ngapi, roho iko wapi kutoka tatu chini ya sifuri hadi tatu juu, na ulitoa pesa ngapi jana. Mstari mmoja, inatosha. Dalili zako za kupanda tayari umeniandikia wewe mwenyewe: saa mbili za usingizi bila kuchoka, kuchukua kazi mara tatu ya kawaida, kununua mashine. Zinakili kwenye ukurasa wa kwanza, na sasa hivi ukiwa chini, wakati huna haraka, mkubaliane kwa maandishi na dada yako: akiona usiku wa pili wa namna hiyo anakupeleka kliniki hata ukigoma, na avansi zote anazishika yeye. Likelemba usiitunze tena. Huko si kukudharau. Hata mwenye afya njema kuna mtu anayemshikia mfuko. Na lutuku, pombe ile kali ya kienyeji, iache kabisa, hata ile ya kuitafutia usingizi.

Kwa wateja, usingoje upone kwanza. Aibu ya mlangoni inakula usingizi uliobaki. Mtume dada yako na orodha. Vikwembe ambavyo havijaguswa virudi wiki hii, vimekunjwa vizuri, na jina limebanwa kwa pini. Wenye avansi waambiwe utalipa kidogo kidogo, kiasi gani na tarehe gani, na usiseme kiasi ambacho huwezi. Cherehani ya pili iuzwe, arbuni ya ya tatu iombwe irudi, na dola za likelemba zitangulie kwa sababu wenzako ndio watakaokusimamia kesho. Neno moja linatosha: nilikuwa mgonjwa, nimelazwa, ninatibiwa. Huna deni la kueleza zaidi. Ugonjwa hukuuchagua, deni limebaki ni deni, na kulilipa kutakunyoosha mgongo kuliko maneno yangu. Vile vya mikono ya kushoto, upana wa piesi ya kitambaa ukikuruhusu, vingine vinaokoleka kwa kutoa mkono mpya. Anza na kimoja, siku ambayo mguu utakubali pedali, hata kama ni mshono mmoja.

Ukiandika tena niambie dawa gani wamekupa, na ile mistari ya daftari uninakilie wiki mbili. Kuamka saa tisa na kushindwa kurudi usingizini nako mwambie munganga, ni dalili ya huko chini. Barua hiyo uiandike mchana.

Yaya wako